Magunia 80, wenye mali watano: Hesabu ya kugawanya inayokula faida mpakani

Wafanyabiashara watano wamekodi Fuso moja kupeleka vitunguu vya Mang'ola hadi Namanga. Nauli ya gari zima ni shilingi 480,000 za Tanzania. Wa kwanza ana magunia 30, wa pili 20, wa tatu 15, wa nne 10. Wa tano, ambaye ndiyo kwanza anaingia kwenye biashara hii, ana magunia 5 tu. Je, kila mmoja alipe shilingi ngapi?

Shuleni tuliyaita mafumbo. Mwalimu anaandika hadithi fupi ubaoni, mwanafunzi anatafuta hesabu iliyojificha ndani yake. Ni hesabu ya darasa la nne au la tano. Hata hivyo, kwenye maegesho ya malori jibu linalotolewa mara nyingi ni la haraka: tuko watano, tugawane sawa. Basi 480,000 inagawanywa kwa 5, kila mtu anatoa 96,000, na safari inaanza kwa amani.

Amani hiyo ina mtu anayeigharamia. Mwenye magunia 5 akilipa 96,000, kila gunia lake limebeba nauli ya shilingi 19,200. Mwenye magunia 30 akilipa hiyo hiyo 96,000, kila gunia lake limebeba shilingi 3,200. Wote wawili wanafika Namanga asubuhi moja, wanasimama mbele ya mnunuzi mmoja kutoka Nairobi, na bei ya soko ni moja. Mkubwa anaweza kushusha bei na bado akapata. Mdogo akishusha, anauza mtaji wake.

Hakuna aliyemwibia mwenzake hapo. Hesabu ilipigwa sawasawa, ila iligawanywa kwa namba isiyohusika. Lori halikubeba watu watano, lilibeba magunia 80. Nauli ingegawanywa kwa 80, kila gunia lingelipiwa shilingi 6,000. Mwenye 30 angetoa 180,000, mwenye 20 angetoa 120,000, na wengine 90,000, 60,000 na 30,000. Jumlisha, utapata 480,000 ile ile.

Tofauti kati ya 96,000 na 30,000 ni shilingi 66,000. Kwa mtu mwenye magunia matano, hizo ni fedha za kurudi sokoni wiki ijayo au kukaa nyumbani.

Kikokotoo cha simu hakijui hadithi

Wengi watasema siku hizi kuna simu, hesabu za nini? Ni kweli kikokotoo cha simu hakikosei kugawanya. Tatizo ni kwamba kinagawanya chochote unachokipa. Ukiandika 480,000 gawanya kwa 5, kinakupa 96,000 bila kukuuliza kama hiyo 5 ni watu, magunia au matairi. Kazi ya kuchagua namba ya kugawanyia imebaki kwa mwenye mali.

Katika kazi hiyo, watu wa sokoni hawako nyuma kama wanavyodhaniwa. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika mji wa Recife, Brazil, kwa watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Walianza kwa kujifanya wateja. Walinunua nazi na matunda, wakauliza bei ya vitu kadhaa na chenji. Katika maswali 63 ya sokoni, watoto walijibu sawa asilimia 98.2. Baadaye watoto hao hao walipewa karatasi na kalamu. Hesabu za mafumbo, zenye hadithi ndani yake, walipata asilimia 73.7. Namba tupu zisizo na hadithi, asilimia 36.8.

Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 10 ikiwa moja ni cruzeiro 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tulivyofundishwa. Alijua nazi tatu ni 105, akaongeza tatu nyingine akafika 210, akaendelea hivyo mpaka akapata 350. Njia ndefu, jibu sahihi. Anayeuza nyanya Busia au dagaa Kasumulu atamwelewa mtoto huyo mara moja, kwa sababu naye ana bei zake chache anazozijua kwa moyo na anajenga nyingine juu ya hizo.

Mimi nalisoma tokeo hilo hivi: hadithi haimchanganyi mfanyabiashara, ndiyo inayomsaidia. Pale hadithi inapoachwa, namba zikabaki peke yake, ndipo makosa yanapoingia. Kosa la Fuso lilianza hapo hapo, mtu aliposema "tuko watano" na magunia yakasahauliwa.

Kugawana si sawa na kupima

Lugha yetu imetupa maneno matatu yanayofanana: kugawa, kugawana na kugawanya. La tatu ni la hesabu. Mawili ya kwanza ni ya watu na mali. Ila kuna swali jingine la kugawanya ambalo halina watu wa kugawiwa kabisa, nalo ndilo linalotokea zaidi sokoni: kitu hiki kinaingia mara ngapi ndani ya kile?

Una kilo 360 za mchele na vijana 9 wa kuwakabidhi wakauze. Kila kijana apate kilo ngapi? Hapo unagawana: 36 kwa 9 ni 4, kwa hiyo kilo 40 kila mmoja. Una kilo 360 za mchele na mifuko ya kilo 9. Utajaza mifuko mingapi? Hapo unapima: mifuko 40. Namba ni zile zile, lakini jibu la kwanza ni kilo na la pili ni mifuko. Anayesema "arobaini" bila kutaja arobaini ya nini ndiye atakayegombana na mwenzake jioni.

Kugawanya kwa kichwa si kipaji. Ni kuzidisha kulikogeuzwa. Anayejua kwamba sita mara nane ni arobaini na nane, tayari anajua kwamba 48 kwa 8 ni 6, na kwamba 480,000 kwa 80 ni 6,000. Anachotakiwa kuangalia ni sifuri: ukiondoa moja juu, ondoa moja chini. 480,000 kwa 80 inakuwa 48,000 kwa 8. Sifuri ikiponyoka upande mmoja tu, nauli ya gunia inakuwa 600 au 60,000, na hapo hata asiyejua hesabu atashtuka. Mshtuko huo una faida. Jibu ambalo halifanani na maisha, lirudie kabla hujalipa.

Njia nyepesi za pembeni zipo pia. Kugawanya kwa 5, zidisha kwa 2 kisha ondoa sifuri moja. Kugawanya kwa 25, zidisha kwa 4 kisha ondoa sifuri mbili. Kuhakiki, zidisha jibu kwa namba uliyogawanyia uone kama unarudi ulikotoka.

Gunia la huku, gunia la kule

Kwenye nafaka, hesabu hii inagusa mfuko kuliko mahali pengine popote, na sababu yake ni neno moja linalobeba vipimo viwili. Tanzania na Uganda, mfanyabiashara wa mahindi akisema gunia kwa kawaida ana maana ya kilo 100. Kenya, gunia la mahindi linalotajwa katika bei za soko ni la kilo 90.

Tuseme, kwa mfano tu, gunia la Tanzania linauzwa shilingi 70,000 na gunia la Kenya linauzwa shilingi 3,600 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa 20 za Tanzania. Anayelinganisha gunia kwa gunia atagawanya 70,000 kwa 20, atapata 3,500, na ataona faida ya shilingi 100 tu za Kenya. Atasema biashara haina maana, hata nauli hairudi.

Sasa gawanya kwa kilo. Upande wa Tanzania, 70,000 kwa 100 ni 700, na 700 kwa 20 ni shilingi 35 za Kenya kwa kilo. Upande wa Kenya, 3,600 kwa 90 ni 40 kwa kilo. Tofauti ni shilingi 5 kila kilo. Gunia lenye kilo 100 lina tofauti ya shilingi 500 za Kenya kabla ya nauli na gharama nyingine, si 100.

Hasara ya kosa hilo kwa muuzaji ni rahisi kuiona kwa vidole. Magunia 9 ya kilo 100 ni kilo 900. Gawanya kilo 900 kwa 90, ni magunia 10. Kwa hiyo anayevuka na magunia ya kilo 100 akayauza kwa bei ya gunia la kilo 90, katika kila magunia 9 ametoa gunia zima bure. Akivuka na magunia 54, upande wa pili hayo ni magunia 60. Sita yamepotea bila mvua wala panya.

Lumbesa ni ndugu ya kosa hilo, tena ndugu mkubwa. Tanzania, Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji unaozidi kilo 100. Kenya, kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50 kwa mfuko. Hata hivyo dalali anayenunua kwa gunia hujua kwamba kadiri kilemba cha gunia kinavyopanda, ndivyo bei ya kilo inavyoshuka. Gunia la shilingi 60,000 lenye kilo 100 ni shilingi 600 kwa kilo. Gunia hilo hilo likishonwa kilemba hadi kilo 150, kilo imeshuka hadi 400. Mkulima amepokea noti zile zile, na mara nyingi anaona ameuza kwa bei nzuri. Mizani pekee ndiyo inayoweza kumwonyesha.

Baki huenda wapi?

Hesabu nyingi za kweli hazigawanyiki sawasawa. Shuleni tuliandika baki tukapewa alama ya vema. Mpakani, baki ndiyo sehemu inayohitaji akili kuliko zote.

Mwaka 1983, katika mtihani wa kitaifa wa kupima uelewa nchini Marekani, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi la jeshi linabeba askari 36. Askari 1,128 wanapelekwa kambini. Yanahitajika mabasi mangapi? Asilimia 70 waligawanya sawasawa: 31, baki 12. Ila ni asilimia 23 tu waliotoa jibu linalotakiwa, yaani mabasi 32. Wengi waliandika "31 baki 12", kana kwamba baki ni aina ya basi, na wengine waliacha askari 12 barabarani.

Leta fumbo hilo Busia, moja ya miji ambako neno bodaboda lilizaliwa, enzi za baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Una katoni 47, na boda mmoja anabeba 6. Kwa kuwa 6 mara 7 ni 42, unapata safari 7 na baki katoni 5. Katoni tano hazitavuka zenyewe. Utalipa safari 8. Kama safari ni shilingi 3,000 za Uganda, tenga 24,000, si 21,000. Hapo baki inapandisha jibu.

Kuna mahali baki inashusha jibu, na ni vizuri kila msomaji wa ukurasa huu apajue. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo isizidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi nyingine na ukaguzi wa afya ya mimea viko palepale, jambo ambalo wengi hulisahau. Mzigo ukizidi kiwango hicho unaingia kwenye taratibu za kawaida, za wakala wa forodha na makaratasi yake.

Basi una maharage, na kila gunia lina thamani ya dola 45. Magunia mangapi yanaingia ndani ya dola 2,000? Gawanya: 44, baki dola 20. Jibu ni magunia 44, yenye thamani ya dola 1,980. La 45 linakufikisha dola 2,025, na kwa ajili ya dola 25 umebadilisha utaratibu wa mzigo wote. Hapa hakuna kupandisha. Baki inaachwa nyuma na gunia linabaki ghalani. Kumbuka pia kwamba forodha hutumia kiwango chake cha kubadilishia fedha, si kile cha kijana mwenye noti mkononi, kwa hiyo usiende ukiwa umebana hadi dola ya mwisho.

Na mahali pengine baki haipandi wala haishuki, inakatwa vipande. Watatu mkibakiwa na shilingi 10,000 baada ya mgao, hamwezi kuziacha mezani. Kila mmoja anachukua 3,300, na mia inayobaki mnunulie mtoto wa mwenye ghala pipi.

Gawanya kwa ulichouza

Nyanya zimewaumiza wengi kwa kosa moja, nalo halionekani kwa sababu kila hatua yake inaonekana sahihi. Umenunua matenga 20 kwa shilingi 30,000 kila moja, jumla 600,000. Nauli na ushuru wa soko ni 120,000. Umetoa 720,000. Unagawanya kwa 20, unapata 36,000 kwa tenga. Unauza 38,000 ukijua una faida ya 2,000 kila tenga.

Lakini foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, na matenga 2 yameoza. Umeuza 18. Gharama haikuoza pamoja nayo. Gawanya 720,000 kwa 18, ni 40,000 kwa tenga. Uliuza kwa 38,000. Ulidhani umepata 2,000 kila tenga, kumbe umepoteza 2,000 kila tenga: makusanyo ni 684,000, pungufu ya 36,000.

Anayefanya biashara ya vitu vinavyooza asigawanye kwa alichonunua. Agawanye kwa anachotarajia kufikisha mezani kwa mnunuzi, na matarajio hayo ayatoe kwenye daftari la safari zilizopita. Ikiwa kila safari matenga mawili katika ishirini huharibika, basi una matenga 18 tangu siku unayonunua.

Zidisha au gawanya kwenye fedha?

Swali la mwisho ni la kila siku, na ni lile linalofanywa kwa haraka kuliko yote, mkono mmoja ukiwa kwenye mzigo na mwingine kwenye pochi. Unabadilisha fedha. Je, unazidisha au unagawanya?

Kanuni ya sokoni ni hii: ukitoka kwenye fedha nyepesi kwenda kwenye fedha nzito, gawanya. Ukitoka kwenye nzito kwenda kwenye nyepesi, zidisha. Shilingi ya Kenya ni nzito kuliko ya Tanzania na ya Uganda, na dola ni nzito kuliko zote tunazobeba. Ukiwa na shilingi za Tanzania ukitaka za Kenya, noti zitapungua, kwa hiyo unagawanya. Ukiona zimeongezeka, kuna mtu amekosea, na usitegemee kwamba ni yeye.

Mbadilishaji ana viwango viwili. Tuseme shilingi ya Kenya anakuuzia kwa 21 za Tanzania na anainunua kwako kwa 20. Una 420,000. Gawanya kwa 21, unapata shilingi 20,000 za Kenya. Soko halikukupendeza, hukununua kitu, unarudi jioni na zile zile 20,000. Sasa anazidisha kwa 20, anakupa 400,000. Shilingi 20,000 zimebaki kwake. Ndiyo kazi yake, na si dhambi, ila ni gharama ambayo lazima iingie kwenye bei ya bidhaa kama nauli inavyoingia. Ukivuka mara mbili kwa wiki huku ukibadilisha fedha zote kwenda na kurudi, mwisho wa mwezi wenye wiki nne umemwachia 160,000.

Kwa hiyo gawanya mapema. Ukiwa bado upande wa nyumbani, piga hesabu ya kiasi utakachonunua kweli, ubadilishe hicho na akiba ndogo ya nauli. Ikiwa unataka katoni 12 za shilingi 1,500 za Kenya, unahitaji 18,000, si 20,000. Na kabla ya kutoa noti, muulize viwango vyote viwili, anauza kwa ngapi na ananunua kwa ngapi, kisha umwombe asubiri upige hesabu mwenyewe.